Jon Postel: Mzee wa makubadhi aliyeshika daftari la majina ya intaneti

Ukishuka kwenye jeti ya Lamu na kuuliza nyumba ya fulani iko wapi, usitarajie kupewa namba ya nyumba. Utaambiwa fuata Usita wa Mui mpaka msikiti fulani, kata mkono wa kushoto, ukikuta wazee wamekaa barazani waulize. Wazee nao watakuambia ingia kichochoro kile, uliza kwa fundi cherehani. Fundi atakunyooshea kidole mlango. Umefika, na hukutumia ramani. Umetumia watu, kila mmoja akijua kipande chake tu.

Sasa fikiria umemtuma mtoto akuulizie njia, na mtoto mwenyewe asirudi. Hutafika popote bana. Mji uko pale pale, nyumba iko pale pale, mwenyeji anakusubiri na chai, lakini wewe umesimama na begi lako kati ya punda.

Kosa la namna hiyo nililifanya mimi mwenyewe, si kichochoroni bali kwenye kompyuta.

Nilipoacha chuo nilikuja kukaa kwa ami yangu Langoni, nimsaidie kazi ya saiba. Siku moja akaingia dada mmoja kutoka Faza. Alikuwa amekuja na boti ya asubuhi kutuma maombi ya mkopo wa masomo, na boti ya kurudi ilikuwa inangoja maji yajae tu iondoke. Nikamkalisha kompyuta namba tatu. Ukurasa haufunguki. Nikazima ruta, nikawasha. Wapi! Nikalaumu intaneti, nikalaumu upepo wa kusi. Lakini simu yangu, kwa waifai ile ile, ilikuwa inafungua kila kitu.

Zilipita karibu saa mbili ndipo nikakumbuka. Miezi kadhaa nyuma nilitazama video ya jamaa akisema ukibadilisha DNS kwenye Windows, intaneti inakimbia kama boti ya mashine. Nikamfuata. Nikaandika kwa mkono namba za seva nisiyomjua mwenyewe, kisha nikasahau. Kumbe seva ile ilikuwa imezimwa. Kompyuta namba tatu ilikuwa inamuuliza maiti njia. Nikarudisha mpangilio uliokuja na Windows, ule unaoiachia ruta iseme seva gani iulizwe, na ukurasa ukafunguka kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Maombi yakaenda. Boti ya Faza nayo ikaenda, bila yeye. Alilala kwa jamaa zake Mkomani, na jicho alilonitupia akitoka sijalisahau hadi leo.

Usiku ule sikulala. Nilitaka kujua hii DNS ni nini hasa, na nani aliamua kwamba kompyuta ikitajiwa jina lazima ikaulize kwa mwingine. Nikisoma hiki na kile, nikamkuta mzee mmoja mwenye ndevu ndefu na makubadhi miguuni. Alifariki 1998, wengi wetu tukiwa bado tunanyonya au hatujazaliwa. Kila unapofungua tovuti leo, unapita kwenye njia aliyosaidia kuichora.

Kijana wa Van Nuys

Jonathan Bruce Postel alizaliwa tarehe 6 Agosti 1943 huko Altadena, jimbo la California, Marekani. Alisoma sekondari ya Van Nuys, Los Angeles, shule ile ile waliyosoma Vint Cerf na Steve Crocker. Baadaye watatu hao walikutana tena chuo kikuu cha UCLA wakifanya kazi kwenye mradi mmoja. Kuna shule zetu zikitoa mbunge mmoja zinajisifu miaka 20. Ile ilitoa watatu waliosaidia kujenga intaneti.

Niseme ukweli mapema, maana najua kuna mtu ataniuliza. Postel hakuacha chuo kama mimi. Alipata shahada ya kwanza UCLA mwaka 1966, ya pili 1968, na udaktari wa sayansi ya kompyuta 1974. Kwa hivyo simtumii kujitetea kwa mamangu.

Alikuwa bado mwanafunzi mwaka 1969 pale mtandao wa ARPANET ulipoanza, kwa pesa za wizara ya ulinzi ya Marekani. Usiku wa tarehe 29 Oktoba, kompyuta ya UCLA ilijaribu kuingia kwenye kompyuta ya taasisi ya SRI, mji wa Menlo Park. Zilipita herufi mbili tu, mashine ya upande wa pili ikaanguka. Wakajaribu tena, ikakubali. Mwanzo wa intaneti ulikuwa kama wa saiba ya ami: jaribu, zima, washa.

Crocker alikuwa ameanzisha mtindo wa vijana wale kuandikiana maelezo ya jinsi kompyuta zitakavyoongea. Maelezo hayo yaliitwa RFC, na kila moja likapewa namba. Lazima mtu awepo wa kuyakusanya, kuyasahihisha na kuyahifadhi. Kazi hiyo haina makofi, haina picha kwenye gazeti. Postel aliichukua, akaifanya mpaka siku anakufa, karibu miaka 30.

Akaongeza na nyingine. Mashine zikitaka kuelewana, namba hazifai kugongana. Mtu akiomba namba kwa kazi fulani, lazima awepo mwingine anayekumbuka namba gani zimeshatolewa. Postel akawa ndiye anayeandika. Mwanzoni ilikuwa ni daftari lake na kumbukumbu yake, basi. Baadaye kazi hiyo ikapewa jina kubwa, IANA, lakini ukiuliza IANA ni nani, jibu lilikuwa ni Jon, pamoja na wenzake wachache kama Joyce Reynolds, aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi.

Faili moja kwa mtandao mzima

Kompyuta hazijuani kwa majina. Zinajuana kwa namba. Majina ni ya kwetu sisi binadamu, tusioweza kukariri namba ndefu. Miaka ya 1970, tatizo hili lilitatuliwa kwa njia rahisi mno. Kulikuwa na faili moja, HOSTS.TXT, lenye jina na namba ya kila kompyuta iliyo mtandaoni. Nakala kuu ilikuwa SRI, mikononi mwa mama mmoja mchapakazi, Elizabeth Feinler, na timu yake. Umeunganisha kompyuta mpya? Unawaarifu, wanakuandika, kisha wenzako wote wanachukua nakala upya.

Kompyuta zikiwa mia hivi, hakuna shida. Ni kama Lamu ya zamani ambapo mzee mmoja anamjua kila mtu na ukoo wake. Lakini mji ukikua, mzee huyo hapumui. Faili likawa refu, watu wakagombania majina, na nakala ya huyu ikawa haifanani na ya yule.

Hapa ndipo nilipoinuka kwenye kiti. Faili lile halijafa! Kwenye Windows yako, ndani ya folda ya Windows, fungua System32, ingia drivers, kisha etc, utalikuta. Jina lake ni hosts. Kwenye Linux liko ndani ya /etc. Na mpangilio wa kawaida unaokuja na kompyuta ni huu: tazama kwanza kwenye daftari lako la nyumbani, na jina lisipokuwemo, ndipo uende ukaulize seva ya DNS. Kwenye Linux nyingi utaratibu huo umeandikwa waziwazi katika faili la nsswitch.conf, neno files likitangulia neno dns.

Ndiyo maana virusi vingine hupenda sana faili hilo. Kirusi kikiandika humo kwamba jina la benki yako lina namba ya mwizi, kompyuta haitauliza mtu mwingine. Imeshasoma kwenye daftari lake, inaamini.

Makubadhi kando ya bahari

Mwaka 1977 Postel alijiunga na taasisi ya ISI ya chuo kikuu cha Southern California. Ofisi zilikuwa Marina del Rey, penye bandari ya mashua za starehe. Alikuwa mtu wa kupanda milima ya Sierra Nevada na begi mgongoni, na mavazi yake ya kazi hayakuwa ya ofisini. Ndevu, nywele ndefu na makubadhi. Angeketi kwenye baraza ya Langoni, wazee wangemsogezea kahawa bila kumuuliza.

Ila usidanganywe na makubadhi. Mwaka 1981 alihariri maandiko ya IP na TCP, kanuni ambazo simu yako inazitumia hata sasa hivi. Mwaka 1980 alikuwa ameandika ile ya UDP, na 1982 akaandika SMTP, ambayo barua pepe husafiri nayo mpaka leo. Katika kazi hizo aliacha msimamo ambao mafundi bado wanaubishania: unachotuma wewe kiwe sahihi na cha makini, lakini unachopokea kwa wengine kivumilie pale unapoweza. Adabu ya mwenyeji hiyo, tena kabla hatujafika kwenye kompyuta.

Kuhusu lile faili lililozidi uzito, Postel alimpa kazi kijana wa hapo ISI, Paul Mockapetris. Mawazo kadhaa yalikuwa yameshapendekezwa, na Mockapetris alitakiwa ayapatanishe. Yeye akaja na mfumo wake, na 1983 ukaandikwa kwenye RFC na kujaribiwa. Ndiyo DNS.

Sasa rudi na mimi kwenye jeti. Kompyuta yako haizunguki vichochoroni yenyewe. Humtuma tarishi, na tarishi huyo ni ile seva iliyoandikwa kwenye mipangilio yako. Ukitaka tovuti inayoishia na .ke, na tarishi awe hajui ilipo, ataanza kwenye mzizi, yaani seva zilizo juu ya majina yote. Mzizi haujui tovuti yako, lakini unajua nani anashika .ke. Wa .ke naye anajua nani wa kuulizwa mbele. Anaulizwa huyu, anaulizwa yule, mpaka mlango unapatikana, kisha tarishi anarudi na namba. Yote hayo kwa chini ya sekunde. Hakuna hata mmoja anayejua kila kitu, na ndiyo maana mfumo haujaanguka hata leo ambapo majina ni mamilioni kwa mamilioni.

Nani apewe .ke?

Oktoba 1984 Postel na Reynolds waliandika mpango wa majina ya juu kabisa: com, edu, gov, na mengine, pamoja na herufi mbili kwa kila nchi. Lakini nchi ni nini? Hilo ni swali la kupigania vita, na pwani yetu inajua. Postel aliliepuka kwa akili. Alichukua orodha ya kimataifa ya herufi za nchi, ISO 3166, ambayo ilikuwepo tayari, akasema tutafuata hiyo. Kuamua nani ni nchi na nani si nchi haikuwa kazi yake. Mwaka 1994 akaliandika jambo hilo rasmi kwenye RFC 1591.

Humo pia aliandika kitu ambacho vijana wanaotafuta vyeo wangekisoma mara mbili. Anayekabidhiwa jina la nchi si mwenye mali. Ni mwangalizi, anawatumikia watu wa nchi ile na watu wa intaneti kwa jumla. Anayekuja akidai haki ya umiliki amekosea mlango.

Kenya ilipewa .ke mwaka 1993. Wakati huo intaneti ilikuwa kitu cha wachache sana nchini. Upande wa usimamizi alisimama Dkt Shem Ochuodho, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge. Upande wa ufundi alisaidia Randy Bush akiwa Marekani. Uganda ilipata .ug na Tanzania .tz mwaka 1995. Ilipofika 2002, kazi ya .ke ikaenda kwa KENIC, taasisi iliyoundwa hapa nyumbani. Hebu waza: herufi mbili zinazotutambulisha duniani ziliingia kwenye kitabu kilichoangaliwa na mtu wa makubadhi huko California, na hakutudai ada.

Siku aliyogeuza mzizi

Usifikiri mambo yalikuwa laini. Miaka ya 1990 pesa ziliingia. Kampuni ya Network Solutions, iliyokuwa na mkataba wa serikali ya Marekani wa kusajili majina kama ya .com, ilianza mwaka 1995 kutoza dola 100 kwa miaka miwili. Ghafla jina likawa mali, na swali likawa kubwa: nani mwenye mamlaka juu ya mzizi? Kampuni? Serikali ya Marekani? Au hawa mafundi waliouotesha?

Tarehe 28 Januari 1998 Postel alifanya jambo ambalo bado linazungumzwa. Mashirika yaliyoendesha seva za mzizi yalikuwa 12. Aliwaandikia barua pepe 8 kati yao, akawaomba waache kuchukua nakala kutoka kwa seva ya Network Solutions, wachukue kutoka kwake. Wakakubali. Si kwa sheria wala kwa malipo, ila kwa kuwa ni Jon aliyesema. Watumiaji hawakuhisi lolote, tovuti zilifunguka kama kawaida. Lakini Washington iliruka. Ira Magaziner, mshauri wa Rais Clinton, akamtaka arudishe mambo yalivyokuwa. Postel akarudisha, akaeleza kwamba lilikuwa jaribio tu.

Wapo wanaoamini lilikuwa jaribio. Wapo wanaoona alikuwa anaonyesha mzizi uko mkononi mwa nani. Mimi naona yote mawili yanatisha kidogo. Mtu mmoja mwema anaweza kushika daftari la dunia kwa miaka, na watu wakamwamini. Lakini mtu mwema naye ana moyo wa nyama.

Postel alilijua hilo. Mwaka huo wote alihangaika kuunda taasisi ya kurithi kazi yake, ili isitegemee mtu mmoja. ICANN ikasajiliwa tarehe 30 Septemba 1998. Tarehe 16 Oktoba, wiki mbili na siku mbili baadaye, Jon Postel alifariki Los Angeles kutokana na matatizo yaliyofuata upasuaji wa moyo. Alikuwa na miaka 55.

Rafiki yake wa tangu Van Nuys, Vint Cerf, aliandika tanzia, nayo ikachapishwa kama RFC, namba 2468, katika msururu ule ule ambao marehemu aliuhariri maisha yake yote. Jumuiya ya intaneti duniani, Internet Society, ilianzisha tuzo kwa jina lake, na 2007 ikaenda kwa Nii Quaynor wa Ghana, mmoja wa waliopigania intaneti ya Afrika.

Nenda kaangalie

Kwa hivyo ukitoka hapa, fungua mipangilio ya mtandao kwenye kompyuta yako, utafute palipoandikwa DNS. Ukikuta imewekwa otomatiki, maana yake umemwachia mwenye ruta akuchagulie tarishi. Nyumbani si neno. Lakini kwenye waifai ya bure ya hoteli au mkahawa, jua kwamba mwenye waifai ndiye anayeamua umuulize nani. Ukikuta namba zimeandikwa kwa mkono, jiulize ziliandikwa na nani. 8.8.8.8 ni seva ya Google, 1.1.1.1 ni ya Cloudflare, zinajulikana. Kama ni namba usiyoijua, hasa kama hukuiweka wewe, ifute. Kisha chungulia lile faili la hosts. Likiwa na jina la benki yako au mtandao unaoutumia, shtuka.

Nami nimenunua daftari dogo la kurasa 48 pale Usita wa Mui. Kila kompyuta ya ami ina ukurasa wake: nini kimebadilishwa, lini, na nani. Ami alicheka alipoliona, akauliza kama nimerudi shule. Ukurasa wa kompyuta namba tatu una mstari mmoja tu. DNS: otomatiki. Chini yake tarehe ya siku ile ya boti ya Faza, na jina langu.